Nyumba Iliyomwegemea Jirani: Mhadhara juu ya Msingi Unaodidimia

Nimeombwa nizungumze juu ya majengo yanayoinama na kudidimia, na kama kweli yanaweza kutengenezwa. Mimi ni mhandisi wa ujenzi, lakini nililelewa upande wa pili wa Juja Road, na mengi nitakayosema niliyaona kwa macho kabla ya kuyasoma darasani. Nitaanza na karai la maji.

Msimu mmoja wa masika niliitwa na mwenye jengo la orofa saba, vichochoro vichache kutoka vichinjio vya mbuzi hapa Kiamaiko, mashariki mwa Nairobi. Hakuniita kwa ajili ya msingi. Aliniita kwa ajili ya plasta: nyufa alizoziba na kupaka rangi mwezi wa Januari zilikuwa zimefunguka tena mwezi wa Aprili, naye alitaka kujua fundi alikosea wapi kuchanganya. Tulipanda ngazi. Orofa ya tano tulimkuta mama mmoja akifua mlangoni pake. Aliposikia tunazungumzia nyufa, alinyoosha mgongo, akajifuta mikono kwa leso, akaniambia, "Mwanangu, achana na ukuta. Njoo utazame maji." Akalisogeza karai katikati ya chumba, akaongeza maji kutoka kwenye mtungi taratibu mpaka yakakaribia kufurika. Upande wa ukutani yakaanza kumwagika. Upande wa mlangoni ukingo wa karai ulikuwa bado mkavu, kwa kadiri ya unene wa sarafu mbili. "Nilipohamia hapa," akasema, "yalikuwa yakijaa sawasawa." Chini ya miguu miwili ya kitanda chake alikuwa ameweka vipande vya katoni vilivyokunjwa.

Kile kifaa ambacho kila mwashi hutembea nacho tunakiita pima maji. Mama yule alikuwa amejitengenezea pima maji kwa karai la kufulia, na kipimo chake kilikuwa sahihi. Nilipanda hadi paani na timazi, nikaiteremsha kwenye kona, nikashuka kupima. Kutoka juu hadi chini ni kama mita 18, na uzi ulikuwa umeachana na ukuta kwa sentimita 9. Hiyo ni sehemu moja kwa 200. Jicho la mtu aliyesimama barabarani huanza kuuona mwinamo unapokaribia sehemu moja kwa 250, lakini Kiamaiko hakuna mahali pa kurudi nyuma ukalitazama jengo zima. Unaona mlango, kibanda cha chipsi na nyaya za umeme. Ndiyo maana karai liliona kabla ya watu.

Kisha nikachungulia ule mwanya kati ya jengo hilo na la jirani. Chini ungeweza kupitisha mkono. Juu, kwenye ukingo wa paa, hata karatasi haikupita. Jengo lilikuwa limemwegemea mwenzake.

Ningependa tukae hapo kidogo, kwenye swali la kwa nini liliinama upande huo na si upande mwingine, kwa sababu jibu lake liko chini ya majengo mengi ya Huruma, Mathare North, Kariobangi na Pipeline. Ploti zetu ni finyu, na kila futi ina kodi yake. Mwenye ploti hutaka nguzo ya mwisho isimame mpakani kabisa. Sasa, kila nguzo inahitaji kikalio, yaani lile bamba pana la zege lililofukiwa ardhini ambalo huusambaza mzigo wa nguzo juu ya udongo. Nguzo ikikaa katikati ya kikalio, udongo hubanwa sawa kila upande. Lakini kikalio hakiwezi kuvuka mpaka kikaingia chini ya nyumba ya jirani. Basi fundi hukisogeza chote ndani ya ploti, na nguzo inabaki imesimama kwenye ukingo wa kikalio chake, kama mtu aliyeketi mwisho kabisa wa benchi: upande wa pili unataka kuinuka. Mzigo ukisogea kutoka katikati kwa sehemu moja ya sita tu ya upana wa kikalio, shinikizo kwenye ukingo mmoja huwa maradufu, na ukingo wa pili haubebi chochote. Ukisogea zaidi ya hapo, udongo wa mpakani hubebeshwa usichoweza. Kwa hiyo majengo haya hayainami ovyoovyo. Huinama kuelekea kwa jirani.

Dawa ya jambo hilo wahandisi wanaijua tangu zamani. Unafunga boriti nzito ya zege kutoka kikalio cha mpakani hadi nguzo ya ndani, ili uzito wa ile ya ndani uzuie kikalio cha mpakani kisipinduke. Boriti hiyo inakula vyuma na saruji chini ya ardhi, mahali ambapo mpangaji hafiki wala mnunuzi haangalii, kwa hiyo pesa zikipungua ndiyo ya kwanza kuachwa.

Halafu kuna udongo wenyewe. Magharibi mwa Nairobi, kwenye miinuko, udongo ni mwekundu na mtulivu kiasi. Huku mashariki, sehemu kubwa imefunikwa na ule udongo mweusi unaonata kwenye gambuti. Wakati wa kiangazi hupasuka mpaka ukaweza kuingiza kiganja. Mvua ikinyesha hunywa maji na kuvimba kwa nguvu za kutosha kuinua sakafu. Kanuni ni kuuondoa wote mpaka ufikie maramu ngumu au mwamba. Lakini bonde hili la Mathare lina historia nyingine: mawe ya kujengea Nairobi yalichimbwa humu, na shimo la machimbo likiachwa mjini halikai tupu. Hujazwa udongo uliotupwa, taka na mabaki ya ujenzi, kisha husawazishwa. Unaweza kuwa na ploti moja ambayo kona yake ya kaskazini iko juu ya mwamba na kona yake ya kusini iko juu ya taka za miaka 40. Jengo lingezama lote kwa pamoja, sentimita 10 sawasawa, lingesumbua mabomba na ngazi za kuingilia tu. Linaloua ni kuzama upande mmoja.

Tufanye hesabu ya mkono, vijana wa mjengo mnisahihishe. Orofa moja ya nyumba zetu, pamoja na slabu, kuta za mawe, watu na vyombo, ina uzito wa kama tani 1.2 kwa kila mita mraba. Nguzo moja ya ndani hubeba eneo la mita 3 kwa 4, yaani mita mraba 12. Kwa orofa saba hiyo ni kama tani 100 kwenye nguzo moja. Kikalio cha mita moja na nusu kila upande kina eneo la mita mraba 2.25. Gawanya: udongo unabanwa kwa karibu tani 45 kwa kila mita mraba. Mwamba mzima hautajali. Udongo mweusi uliolowa haufai kupewa hata tani 10. Na kila orofa inayoongezwa juu, ile ya nane ambayo haikuwa kwenye ramani, inaongeza tani 14 kwenye nguzo hiyo hiyo. Tangi la maji la lita 10,000 paani ni tani 10, na mara nyingi nimeona limewekwa kwenye kona ya mpakani, mahali penye udhaifu kuliko pote.

Maji ndiyo huamua siku. Paipu ya mvua inayomwaga chini ya ukuta, bomba la maji taka lililopasuka, maji ya kuoshea yanayotafuta mtaro usiokuwapo, mto Mathare ukipanda kingo zake: yote huishia kwenye udongo ule ule. Na hapa pana duara la hatari ambalo ni lazima mlielewe. Jengo likianza kuinama, hulivuta bomba lake la maji taka na kulivunja pale linapotokea ukutani. Bomba likivunjika, hulowesha udongo wa upande ule ule ulioanza kulegea. Udongo hulegea zaidi, jengo huinama zaidi. Nikifika kwenye jengo la namna hii, kabla ya kutazama nguzo, natafuta harufu.

Huko juu nako mambo hayakai kimya. Fikirini meza yenye miguu sita, na mguu mmoja umezama kwenye tope. Uzito wa mguu huo haupotei. Wenzake wanaukuta mabegani. Nguzo ambayo iliundwa kubeba tani 100 sasa inaletewa 130, na kama zege lake lilichanganywa kwa maji mengi na saruji kidogo, haina akiba ya kuzibeba. Ndiyo sababu jengo laweza kuinama kidogo kidogo kwa miezi, watu wakalizoea, kisha likashuka lote kwa sekunde chache. Msingi hukosea polepole. Nguzo hukosea ghafla.

Hapa sihitaji kuwaeleza habari za mbali. Usiku wa tarehe 29 Aprili 2016, mvua kubwa ikinyesha, jengo la makazi liliporomoka Huruma, karibu na mto, na kuua watu takribani 50. Wengine humu mlikuwa pale mkipokezana mawe kwa mikono. Mnakumbuka mtoto mchanga aliyetolewa akiwa hai baada ya saa kama 80, na mama aliyetolewa siku ya sita. Mwaka mmoja nyuma, Januari 2015, jengo jingine lilikuwa limeanguka Huruma hiyo hiyo, na baada yake serikali ikaamuru majengo yakaguliwe nchi nzima. Ukaguzi huo wa Idara ya Kitaifa ya Ukaguzi wa Majengo ulipitia majengo takribani 15,000, na zaidi ya 10,000 yakaonekana si salama. Nayasema haya kwa moyo mzito, kwa sababu miongoni mwa majengo ya namna hiyo kuna ambayo yangeweza kuokolewa kama yangeshikwa mapema na kwa mkono ulio sahihi. Na hilo la mkono ulio sahihi ndilo hasa lililonileta.

Mtu akiona nyumba imezama upande mmoja, wazo linalomjia kwanza ni kuchimba upande huo, aone kuna nini, amwage zege, aimarishe. Ni wazo la kawaida, na wenye nia njema ndio huwa nalo. Nawaomba, kwa heshima zote, msichimbe. Udongo ulio kando ya kikalio ndio unaoushika ule ulio chini yake usitoroke kando. Ukiuondoa, umeondoa ukuta wa ghala na mahindi yamo ndani. Kila mkono unaogusa ardhi chini ya jengo lililoinama huweza kulizidishia ugonjwa kwanza kabla ya kulitibu. Huo si woga wangu mimi. Ni jambo lililowapata wahandisi mashuhuri kabisa wa dunia hii.

Mnara wa Pisa kule Italia ulianza kujengwa mwaka 1173 juu ya udongo laini, na msingi wake una kina cha mita 3 tu. Ulifungwa kwa wageni mwaka 1990 kwa hofu ya kuanguka. Kamati ya wataalamu iliweka mamia ya tani za madini ya risasi upande wa kaskazini ili kuuvuta urudi, na ukatulia. Kisha, Septemba 1995, wakaanza kazi ya kuufunga na nanga za ardhini, na ili kuchimba bila maji kuwaingilia waliugandisha udongo kwa baridi kali. Usiku mmoja mnara ukaenda milimita moja na nusu, mwendo ambao kwa kawaida ungeuchukua mwaka mzima. Kazi ikasimamishwa, risasi zikaongezwa upesi. Dawa iliyofaulu baadaye, kati ya 1999 na 2001, ilikuwa ya subira ya ajabu: waliingiza mabomba membamba chini ya upande ulioinuka, si ule uliozama, wakatoa udongo kidogo kidogo, kiasi cha mita za ujazo 38 kwa jumla, na kupima kila siku. Mnara ukarudi nyuma kwa nusu ya digrii. Mhandisi Mwingereza John Burland alikuwa mmoja wa waliosimamia kazi hiyo.

Huko San Francisco, Marekani, kuna jengo la makazi la orofa 58 lililofunguliwa mwaka 2009, linaitwa Millennium Tower. Nguzo zake za ardhini hazikufika mwambani. Ziliishia kwenye mchanga ulio juu ya udongo laini wa zamani. Kufikia 2016 lilikuwa limezama kama sentimita 40 na kuanza kuinama. Mwaka 2020 wakaanza kushusha nguzo mpya pembeni, 52 kwa mpango wa kwanza, zifike mwambani mita 75 hivi chini. Agosti 2021 ilibidi wasimame. Kule kutoboa kwenyewe kulikuwa kumeliongezea jengo sentimita 2 na nusu za kuzama. Wakatafakari upya, wakapunguza nguzo hadi 18, wakabadili namna ya kutoboa, na kumaliza mwaka 2023. Kazi hiyo iligharimu kama dola milioni 100. Hao walikuwa na ramani kamili, vipimo vya kila mwezi, barabara pana za kuweka mashine, na wanasheria wa kila upande.

Na jirani zetu wa Dar es Salaam? Tarehe 16 Novemba 2024 jengo la maduka liliporomoka Kariakoo, likaua zaidi ya watu 25. Taarifa za siku zile zilieleza kwamba chini yake watu walikuwa wakichimba kupanua nafasi ya biashara. Hawakuwa wakitengeneza msingi. Lakini udongo hauulizi nia ya jembe.

Basi kazi ya kutengeneza msingi hufanywaje inapofanywa vizuri? Kwanza, kwa kutogusa msingi. Unafunga maji: bomba linatengenezwa, mvua ya paani inapelekwa mbali, tangi linashushwa. Katika majengo niliyoyasimamia, hatua hii peke yake ilipunguza mwendo wa kuzama kwa namna iliyonishangaza. Unapunguza uzito wa juu. Unaweka alama za kupimia na kuzisoma asubuhi na jioni, kwa sababu jengo lililoinama sentimita 9 na kutulia ni mgonjwa tofauti kabisa na lililoinama sentimita 4 na bado linatembea.

Hapo ndipo nalazimika kubishana na methali tuliyolelewa nayo. Wazee walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na kwa nyumba ya udongo kule kijijini walisema kweli. Kwa jengo linalodidimia nawasihi msizibe. Ufa ni shahidi, na plasta humnyamazisha. Chukua kipande chembamba cha kioo cha dirisha, kigandishe juu ya ufa kwa plasta kidogo kila mwisho, andika tarehe kando kwa kalamu. Kioo hakivutiki. Jengo likisogea hata milimita moja, kitavunjika, na utajua tarehe. Tazama pia umbo la ufa. Ule unaoshuka kimshazari kutoka kona ya dirisha, mpana upande mmoja na mwembamba upande mwingine, unazungumzia ardhi. Mlango uliokuwa ukifunga mwezi jana na leo unakwaruza juu, nao unazungumzia ardhi.

Baada ya wiki za kupima ndipo unafika kwenye msingi, na hapo shida za Kiamaiko huanza kujipanga. Unahitaji kujua udongo mpaka mwambani, lakini mashine ya kutoboa haipiti kwenye kichochoro cha mita moja na nusu. Unatoboa kwa mkono, na mkono haufiki mbali. Unahitaji ramani, na ramani haipo, au iko ya orofa nne kwa jengo la saba. Kwa hiyo unamhoji shahidi asiyesema: unatafuta vyuma kwa kifaa cha sumaku, unakata vipande vya zege na kuvipeleka maabara vivunjwe.

Njia ya zamani ni kuimarisha kwa mashimo. Unachimba chini ya msingi kipande kisichozidi mita moja hivi, unamwaga zege, unasubiri likomae, unashindilia saruji kavu kwenye ule mwanya wa juu mpaka mzigo upokelewe. Ndipo unakwenda kwenye kipande kingine, kisichopakana na cha kwanza. Ukivifungua viwili vilivyo jirani kwa siku moja kwa sababu vijana wapo na koleo zipo, umelikata jengo mguu. Njia ya sasa ni nguzo nyembamba za ardhini, zenye kipenyo cha kama sentimita 15 hadi 25, zinazotobolewa kupitia kikalio chenyewe hadi mwambani kwa mashine fupi inayoweza kufanya kazi ndani ya chumba. Ni njia nzuri na naipenda. Lakini inadai kikalio chenye zege la kuaminika, kwa kuwa mzigo wote utahama kutoka zege la zamani kwenda nguzo mpya kwa kushikamana tu. Na kuna wanaopendekeza kudunga ardhini uji wa saruji. Kwenye mchanga unaingia. Kwenye udongo mnato hauingii. Unaupasua, unatafuta njia rahisi, na siku moja nimeuona ukitokea kwenye bafu la nyumba ya pili.

Kisha, hapa kwetu, kuna jirani wa kugusana. Ardhi haina mpaka. Shinikizo la kikalio changu husambaa kwa mshazari hadi chini ya nyumba yako, na lako hadi kwangu. Ukilivuta jengo langu lisimame wima, unabadilisha uzito ambao lako limezoea. Kibali cha kutengeneza jengo moja Kiamaiko, kiuhandisi, ni kibali cha kugusa matatu. Kanuni za Ujenzi za Kitaifa za 2024, zilizoanza kutumika tarehe 1 Machi 2025 na kuchukua nafasi ya zile za 1968, zimetupa msingi mpya wa kisheria. Ombi langu kwa kaunti na kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi ni kwamba jengo linaloinama lisishughulikiwe kamwe peke yake. Wanaoishi pande zake mbili waitwe mezani siku ya kwanza.

Na wapangaji? Nimewahi kusikia ikisemwa kwamba wakitoka, jengo litapata nafuu kwa kupungua uzito. Si kweli sana. Uzito mkubwa ni kuta na slabu. Watu na vitanda ni sehemu ndogo. Wanatoka kwa sababu niliyokwisha kueleza: saa ya kutibu ndiyo saa ya hatari kuliko zote. Novemba 2024, kule Kahawa West, jengo lilionyesha nyufa, watu wakatolewa, na lilipoanguka asubuhi ya tarehe 10 halikumfunika mtu. Hiyo kwangu ni kazi ya uhandisi iliyofanywa vizuri, ingawa hakuna kilichojengwa. Lakini tuseme ukweli wote. Mama wa karai alikuwa amelipa kodi ya mwezi na amana ya miezi miwili. Unapomwambia atoke leo jioni, na mvua inanyesha, na amana iko kwa landilodi, unamwomba achague kati ya hatari asiyoiona na hasara anayoiona. Alama nyekundu ya X inayochorwa kwenye ukuta wa jengo lisilo salama haimjibu swali lake la atalala wapi. Mpaka pawe na utaratibu wa amana kurudishwa siku ile ile jengo linapofungwa, watu wataendelea kurudi usiku kulala chini ya X, na mimi siwezi kuwalaumu.

Jengo lile la orofa saba lilinipa wiki tatu. Vioo nilivyoviweka upande wa mpakani vilivunjika vyote siku ya sita. Vya upande wa pili vilibaki. Timazi ilitoka sentimita 9 ikafika 10 na nusu, na jengo la jirani likawa linasukumwa. Majibu ya maabara yalipokuja, zege lililopaswa kuwa na nguvu ya megapaskali 25 lilikuwa na 9. Hapo matumaini yangu ya zile nguzo nyembamba yalikwisha. Huwezi kutoboa kikalio cha namna hiyo ukakitwika tani 100 kwa kushikamana. Nilimwambia mwenye jengo kwamba matengenezo yaliyobaki ni kulipunguza kutoka juu, kwa mikono, orofa moja moja, upande wa mpakani kwanza, bila tingatinga hata moja kukanyaga kichochoro. Alikaa kimya muda mrefu. Alikuwa amestaafu, na jengo lile ndilo lilikuwa pensheni yake. Sikuwa na maneno ya kumfariji, nikakaa naye tu.

Wapangaji walitoka kwa siku nne, amana zao zikarudi baada ya mabishano marefu mbele ya wazee wa mtaa. Mama wa orofa ya tano alishuka na karai lake kichwani, na ndani yake vile vipande vya katoni. Tulianza na tangi, kisha paa, kisha orofa ya saba. Kila jioni nilisoma timazi, na kila jioni jengo lilikuwa limerudi nyuma kidogo, milimita moja, milimita moja na nusu, kama mtu anayevua mzigo.

Siku ya kumi na moja, keateka wa jengo la jirani alinipigia simu alfajiri. Lile jengo lililokuwa limeegemewa, ambalo halikuwa na ufa hata mmoja nilipolikagua, lilikuwa limeanza kulia usiku, na kwenye ukuta wa ngazi, orofa ya tatu, ulikuwa umetokea ufa wa kimshazari unaoanzia kona ya dirisha. Nilichukua timazi, plasta na vipande vitatu vya kioo, nikaenda.